Gego la Mwisho la Mpiga Tarumbeta

Jua bado halijafika dirishani. Mpiga tarumbeta aitwaye Pembeni amekaa ukingoni mwa kitanda, anafuta tarumbeta yake polepole kama anayemfuta mtoto pua. Anaibandika upande wa kushoto wa mdomo, anapuliza kidogo, anaacha, anashika shavu la kulia.

Jina hilo amepewa na wenzake wa bendi ya harusi. Tangu gego la mwisho, lile liitwalo jino la akili, lianze kumsumbua, hapulizi tena katikati ya midomo kama wengine, bali pembeni. Mwezi huu shavu lilivimba hata akakosa harusi mbili, na harusi ndizo zinazolipa kodi ya chumba.

"Miaka arobaini na saba, ndiyo kwanza jino la akili linaamka," anasema mkewe, mshona mashuka. "Akili yenyewe bado tunaingoja."

"Cheka tu, mama."

Daktari wa meno hakumficha. Gego limelala, na mzizi wake umekaribia mshipa wa fahamu. Likiachwa, uvimbe utarudi tena na tena. Likitolewa, mara chache mdomo wa chini hubaki na ganzi, pengine maisha yote.

"Dawa ya jino ni kung'oa," mkewe anamkumbusha.

"Wewe sindano unaishika kwa vidole. Riziki yangu mimi iko mdomoni."

Wala si riziki tu. Binti yao wa pekee yuko mbali kikazi, mwaka wa tano sasa. Utotoni alikuwa halali mpaka baba ampulizie wimbo mmoja, tarumbeta imezibwa kwa fulana yake ndogo ili majirani wasigombe. Baada ya miezi mitatu anarudi kuolewa. Kwenye simu aliuliza, "Baba, utanipigia ule wa fulana?"

"Nikaitikia kabla sijafikiri," anasema Pembeni. "Miaka yote napigia watoto wa watu. Wangu nampigia moyoni."

Kesho anakwenda kung'olewa. Anaona heri ganzi ya kubahatisha kuliko shavu kuvimba siku yenyewe.

Anatoa sandukuni fulana iliyopauka, anainusa, anaisukuma ndani ya tarumbeta. Mkewe anarekodi kwa simu. Wimbo unatoka chini chini, umepinda kidogo, mpaka mwisho.

"Nimtumie?"

"Usimtumie. Hiyo akiba, ganzi ikinikalia. Wa kweli aje ausikie mwenyewe."

Fulana hairudishi sandukuni. Anaiacha humo humo ndani ya tarumbeta.