Fundi Mwashi Ainua Kitanda

Redio ikitangaza mvua kubwa, fundi mwashi huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole pale maji yalipofika mwaka juzi, alama ambayo hataki ipakwe rangi, kisha huanza kazi bila kuambiwa. Viganja vyake ni msasa mtupu. Hata akimfunika mkewe shuka, nyuzi hunasa. Safari hii alianza na kitanda. Mkewe, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa amejilaza, na mzee hakutaka kumwamsha. Akainua mguu mmoja mmoja wa kitanda na kusukumia matofali chini yake, huku akinong'ona, "Taratibu, taratibu," kana kwamba kitanda kinasikia. Kisha akaweka pimamaji juu ya ubao wa miguuni, akafumba jicho moja kuona kama kimekaa sawa.

"Unanipima mimi au kitanda?" mkewe akauliza.

"Kitanda. Wewe nilishakupima siku nyingi."

"Na kushuka nitashukaje, baba watoto?" Alikuwa ameketi ukingoni, miguu ikining'inia mbali na sakafu.

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Matofali yaliyobaki ni yale tu yaliyobeba sanduku lake la zana. Akalishusha sakafuni kimya kimya, akamjengea mkewe ngazi ndogo, na hiyo nayo akaipima. Mkewe akaliangalia sanduku pale chini, akayakunja magoti yale mabovu polepole, akaacha nafasi upande wa miguuni.

"Lilete hapa," alisema. "Litalala na sisi."