Ng'ombe wa Kasansa Wakipita Kwenye Skrini

Sabrina wa Nsemulwa hajawahi kushika kamba ya ng'ombe, na wafugaji wa Kasansa hawakuchoka kumkumbusha. Baba yake anauza vitenge Mpanda mjini. Yeye anaandika programu za kompyuta. Kikundi cha wafugaji kilipompa kazi ya kuingiza mifugo yao yote kwenye mtandao, watu walicheka. Wacheke tu.

Kilichomtia aibu ni ukurasa mweupe. Karani wa kikundi, Malale, akibonyeza "Ingiza", seva ilianza kupitisha orodha ya ng'ombe mia tatu, kazi ya dakika ishirini, na kwenye ukurasa hakionekani kitu. Malale naye si mtu wa kusubiri. Akabonyeza tena. Ng'ombe wote wakaingia mara mbili, na mzee Masele, mwenyekiti, akaonekana ana kundi maradufu. Sasa kamwambie Msukuma kwamba anaficha nusu ya mifugo yake, uone. Masele alikuja juu. Akasema kikao cha Jumatano ndicho cha mwisho: mambo yakiharibika tena wanarudi kwenye daftari, na binti wa vitenge arudi kwenye vitenge vyake.

Kufuta orodha ile na kuzuia kubonyeza mara mbili kulimchukua Sabrina nusu saa. Kisha akaweka asilimia, ili watu waone kazi inakwenda. Akamwonyesha Masele kwenye simu: asilimia nne, asilimia tano.

"Tano ya nini?" Masele akauliza. "Binti, sisi jioni hatuhesabu ng'ombe. Tunawatazama wakiingia zizini. Akikosekana mmoja, tunajua ni nani."

Maneno yale yalimwingia. Daftari lao lilikuwa na rangi na alama ya kila ng'ombe, naye hakuwahi kuzitilia maanani. Siku tatu akapambana na ile programu, maana ilikuwa na tabia ya kujilimbikizia majibu yote na kuyamwaga kwa mpigo mwishoni. Akaibana mpaka ikakubali kutoa jibu la kila ng'ombe papo hapo, kwa rangi na alama zake.

Jumatano ofisi ya kikundi ikajaa. Malale akabonyeza mara moja, akaambiwa akae mbali na mashine. Mstari ukatokea: *Mweusi, doa jeupe pajani, wa Masele: ameingia.* Ukafuata mwingine: *Mwekundu, pembe moja imevunjika, wa Manyanda: ameingia.* Wazee wakasogeza viti. Hakuna aliyetoka nje. Kila mmoja alikuwa anawatazama wake wakipita, wengine wakiwataja kabla mstari haujaisha.

Mara ukatokea mstari wa rangi nyekundu: *Kijivu, sikio limechanika, wa Masele: hana namba ya hereni.*

Masele akainuka, akausoma mstari ule taratibu.

"Ni kweli hana," akasema. "Siku ya kuvalishwa hereni za utambulisho masikioni, alikuwa amezaa usiku wa kuamkia siku hiyo, nikamwacha nyumbani. Sikumwambia mtu."

Akamwagiza Malale alifungie daftari kabatini. Kisha akamgeukia Sabrina, sauti imeshuka.

"Mwanangu, yule nilikuwa namjua peke yangu. Sasa tuko wawili."

Sabrina alisema "Asante, baba." Alijiona mkubwa siku ile, wala hakutaka kujificha.