Televisheni Ikae Upande wa Mlango

Siku niliyosogeza makochi ya mume wangu bila kumuuliza naikumbuka vizuri, mwanangu, na mpaka leo sijaijutia hata kidogo. Nimeikumbuka tena jana uliponionyesha kwenye simu picha ya sebule yako mpya. Televisheni yako imejaa ukuta mzima, makochi yanang'aa, hongera sana. Lakini nimeikuza ile picha kwa vidole nikitafuta mahali atakapokaa mama mkwe wako, sikupaona. Basi kaa hapa kwanza, chai ipo, nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa bado mke kijana hapa Nyakasimbi. Tulikaa na baba mkwe wangu, tuliyemwita Tata, mgane mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mimi nilitokea Nyabiyonza bila baba, maana baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Siku nilipoletwa hapa, Tata aliwaambia ndugu zake mbele yangu, "Huyu msimwite mkwe. Huyu ni binti yangu." Nilimpenda kuanzia siku ile, tena nilimpenda kweli, si kwa heshima tu.

Mwaka mmoja kahawa ilikubali, mume wangu, Baba Koku, akaleta televisheni. Ilikuwa ya chogo, nzito, na sola yake na betri yake. Yeye ndiye aliyepanga sebule, na ungemwona ungedhani anajenga kanisa. Televisheni akaiweka ukuta wa ndani kabisa, unaotazamana na mlango. Makochi akayageuzia huko, migongo yote mlangoni. Kiti cha mbao cha Tata, kilichokuwa siku zote kinatazama mlango, akakisukuma kwenye kona pembeni ya televisheni, karibu na kabati la vyombo. "Tata aone kwa karibu," akasema. Hakuwa na nia mbaya, masikini, alikuwa na furaha tu.

Sasa wewe unajua desturi yetu. Mkwe na watoto hawamsalimii mzee wamesimama kama milingoti. Unapiga goti mbele yake, unamshika mikono, unamwamkia, anakuuliza habari moja moja. Mgeni naye akifika, mzee ndiye anayemkaribisha kwa kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Yote hayo yanataka nafasi mbele ya kiti. Na nafasi iliyobaki mbele ya kiti cha Tata ilikuwa palepale macho ya watu wote yanapopita kwenda kwenye televisheni.

Jioni ya kwanza nikapiga goti kumwamkia, nikasikia nyuma yangu, "Mama Koku, unaziba." Nikacheka, nikafanya haraka. Kesho yake tena, unaziba. Watoto wakajifunza upesi kuliko mimi. Wakaanza kumsalimia babu yao kutoka kwenye makochi, "shikamoo babu," macho kwenye tamthilia. Wageni wakipiga hodi wanakutana na visogo vyetu, wanatafuta pa kukaa, wanauliza mpira umefika ngapi. Mzee yuko konani na kikapu chake cha kahawa, hakuna anayemfikia.

Mwanzoni aliitika marahaba. Baadaye akawa haitiki. Kisha akahamia jikoni, akawa anakula na mimi kwenye moshi, akisema macho yake hayataki ule mwanga. Nilifurahi kuwa naye, sikufichi, lakini roho iliniuma.

Jioni moja akaniambia, huku akifunga nguo zake kwenye shuka, "Binti yangu, kesho naenda Kaisho kwa mdogo wake mumeo. Nitakaa huko."

Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Akakaza fundo la shuka, akasema, "Kule bado wananiona."

Mwanangu, nililia. Nilijua akitoka hapa harudi. Nilijua pia kijiji kitasema mke wa fulani kamfukuza mzee, lakini hayo ya kijiji ningeyavumilia. Kumkosa yeye ndiko nisingeweza. Nilishapoteza baba mmoja, sikuwa tayari kupoteza wa pili kwa sababu ya sanduku la picha.

Asubuhi Baba Koku akaenda mnadani. Nikamwambia Tata haondoki mtu kwenye nyumba yangu bila chakula, asubiri ndizi ziive. Akakubali, akaenda kutembea migombani kuagana na shamba lake. Nikabandika sufuria moto mdogo kabisa, kwa makusudi, nikaingia sebuleni.

Makochi yale yalikuwa mazito, ya mninga. Nikabandua maganda makavu ya mgomba, nikayaweka chini ya miguu yake, yakateleza kwenye sakafu kama yanaenda harusini. Televisheni nikaikumbatia mwenyewe, nikaivusha hadi ukuta wa mlangoni, upande wa kushoto ukiingia. Ndipo nikagundua betri ilikuwa hapohapo, kwenye dirisha la ukuta huo, na fundi mkuu Baba Koku alikuwa amezungusha waya chumba kizima bure. Makochi nikayarudisha ndani, yakatazama televisheni na mlango pamoja. Kiti cha Tata nikakiweka mwisho wa makochi, kinatazamana sawasawa na mlango. Ukiingia, hatua zako zinakupeleka magotini pake, na ukipiga goti humzibi mtu yeyote. Nikapiga goti pale kujaribu, nikasimama, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tata aliporudi nikamwambia akae tu kidogo, chakula hakijaiva. Akakaa. Akaangalia mlango.

Baba Koku akatokea jioni. Akasimama kizingitini, akaona sebule yake imegeuka. Uso ukabadilika, nikajua leo ninalo. Lakini baba yake alikuwa mbele yake sawasawa, na hakuna mwana wa hapa kwetu anayegomba kabla hajamwamkia baba yake. Ikabidi ainame. Tata akamshika mikono na hakumwachia. Akamuuliza habari za mnada, za njiani, za ng'ombe, za mvua upande ule, za kila jirani aliyemwona. Salamu ikaisha, na hasira ilikuwa imeshakwisha nayo.

Jioni hiyohiyo kulikuwa na mechi, majirani wakaja jua likiwa bado nje. Kila aliyeingia alimwona Tata kwanza, akamwamkia, akapewa kahawa ya kutafuna, ndipo akakaa. Watoto nao wakapiga goti mmoja mmoja, na hakuna aliyesema wanaziba. Jirani mmoja akasema, "Leo picha imetulia, umenunua nyingine?" Maana zamani mwanga wa mlango ulikuwa unapiga kwenye kioo. Baba Koku akakohoa, akajibu, "Nimebadilisha mpangilio kidogo." Nimebadilisha, eti yeye! Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikang'ata ulimi.

Jirani yuleyule akamgeukia Tata. "Mzee, nimesikia unahamia Kaisho."

"Kaisho?" Tata akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Nikatazame nini?"

Sebule nzima ikacheka, na mimi nikaenda kulifungua lile shuka na kurudisha nguo zake kabatini. Alikaa nasi mpaka Mungu alipomchukua, akizungukwa na wajukuu.

Basi fanya hivi, mwanangu. Kabla fundi hajatoboa ukuta, weka kwanza kiti cha mkubwa wa nyumba, mahali anapoona mlango na mlango unamwona. Mbele yake acha nafasi ya mtoto kupiga goti. Vikishakaa hivyo viwili, televisheni itapata pake, wala haitakulalamikia. Mumeo akinuna, mpe siku moja tu, atawaambia watu ni mpango wake.

Nenda, Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Uzeeke ndani ya sebule hiyohiyo, na siku ukisema unahama, wakwe zako wakatae.