Sabuni ya Zoila kwenye kiti kitupu

Jua la Jumatano bado halijauvuka mlima, na maji katika makaro ya kufulia ya mji wa Pumacucho yanakata kama wembe. Zoila Pilataxi amekunja sketi yake ya sufu hadi magotini, amesimama ndani ya karo la jiwe, anakanyaga blanketi. Anakanyaga huku akicheka, maana kwenye karo la pili Tránsito, mfuaji mwenzake wa miaka mingi, anamwigiza katibu wa baraza la mji.

"Ndugu wananchi," Tránsito anasema kwa sauti ya puani, "ajenda ya ajenda haipo kwenye ajenda!"

"Nyamaza wewe, utaniangusha na blanketi la watu!"

Anacheka, lakini moyo hautulii. Kesho baraza linajadili kuyavunja makaro haya ili pajengwe maegesho ya magari ya watalii. Mama huyu wa miaka hamsini na minane anataka kusema neno kabla mawe hayajang'olewa, na hadi sasa hajui kama ataruhusiwa kufungua mdomo.

Alianza kufua hapa akiwa msichana, akimsaidia mama yake. Blanketi moja humpa dola mbili, na wiki yenye wageni wengi katika hoteli ndogo za mjini humletea kama dola arobaini. Mashine za kufulia zipo, ila blanketi zito la sufu likiingia humo hutoka limesinyaa, likamtosha mtoto mchanga. Kwa hiyo watu humletea Zoila.

"Nyumbani nina bomba moja, nalo linatoa machozi tu," anasema. "Wakivunja hapa nifulie wapi? Kwenye sufuria ya mahindi?"

Makaro yana kanuni zake, na hakuna aliyewahi kuziandika. Anayetaka karo huacha mche wake wa sabuni juu ya jiwe. Aende sokoni, aende kunyonyesha, akirudi nafasi yake anaikuta. Sabuni ya mtu haiguswi. Hata wanawake waliokosana mpaka hawasalimiani hawathubutu kusogezeana sabuni.

Baraza nalo lina desturi yake. Kama mabaraza mengine ya Ekuador, huacha kiti kimoja kitupu mbele kwa ajili ya mwananchi. Jambo linalokugusa likijadiliwa, unaomba kiti, unakaa, unasema na kupiga kura pamoja na madiwani. Hapa Pumacucho ilitosha kwenda kwa katibu siku moja kabla akakuandika.

Ndipo likaja pendekezo la kubadilisha kanuni za ajenda. Anayetaka kiti sasa aombe siku tano kabla ya kikao, na ataje namba ya jambo lake kama lilivyo kwenye ajenda. Kasoro ni ndogo tu: ajenda yenyewe hubandikwa mlangoni siku mbili kabla.

Jumatatu jioni Meya aliwaita wananchi watoe maoni, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nusu ya watu hawakujua wameitiwa nini. Nusu nyingine walidhani wanajua, na hao ndio waliotusumbua zaidi.

Mwalimu mstaafu Eliécer Bonifaz alisimama kuwafafanulia wenzake.

"Ni rahisi sana. Unaomba siku tano kabla, kwa namba."

"Namba naipata wapi, mwalimu?" akauliza Segundo, kinyozi wa pale sokoni.

"Kwenye ajenda."

"Na ajenda inatoka lini?"

"Siku mbili kabla."

"Sasa zile siku tano naomba namba ya nini? Ya bahati nasibu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akafuta miwani, akaanza upya, na alipoeleza kwa mara ya tatu akajikuta anaipinga hoja aliyosimama kuitetea. Diwani mmoja akasema kanuni mpya italeta utaratibu, kwani zamani watu walikuja kulalamikia maji kwenye kikao cha barabara.

"Si nyinyi mlipasua bomba mkichimba hiyo barabara?" mama mmoja akamrushia kutoka nyuma.

Kisha Segundo akataka kujua kama mjadala huu wenyewe umo kwenye ajenda. Katibu akapekua karatasi zake, akazipekua tena. Haumo. Zogo lililofuata lilimlazimu Meya Wilmer Cárdenas kugonga meza kwa kiatu, akasema basi zipigwe kura za mikono, za maoni tu.

Kura nazo zikawa kizungumkuti. Wanaokubali walinyoosha, wasiokubali wakanyoosha, na katibu alipojumlisha akapata mikono mingi kuliko vichwa. Zoila anakiri kwamba alinyoosha mara zote mbili.

"Mara ya kwanza nilimwona Tránsito kanyoosha," anasema. "Mara ya pili nikagundua Tránsito naye hajui."

Meya akatangaza kwamba pendekezo limepokewa kama lilivyo, likisubiri marekebisho, akafunga kikao. Limepita? Halijapita? Watu waliulizana mpaka barabarani, na wanaume wawili nusura wakunjane mashati, kumbe wote walikuwa upande mmoja.

Zoila hakutoka nao. Alimfuata katibu mezani.

"Mwanangu, Alhamisi nina nafasi au sina?"

"Kama ni kanuni ya zamani, mama, njoo Jumatano nikuandike. Kama ni mpya, umechelewa tangu Jumamosi."

"Jumamosi hiyo kanuni ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Sasa tunafuata ipi?"

Katibu akaanza kukusanya kalamu zake.

Zoila anasimulia alivyojisikia hapo. "Nilijiona mjinga. Halafu nikajiambia, mbona na huyu hajui, naye analipwa." Akaingiza mkono ndani ya shali yake, akatoa mche wa sabuni ya bluu aliokuwa ametoka kuununua dukani. Akaenda hadi mbele, akauweka juu ya kile kiti kitupu, akajiendea nyumbani.

Asubuhi katibu aliukuta, akamwagiza mfagizi auondoe. Mfagizi, ambaye dada yake hufua makaroni, alifagia kukizunguka kiti na kuacha kila kitu kama kilivyo. Yule diwani wa utaratibu akanyoosha mkono auchukue mwenyewe.

"Ya mtu hiyo," mfagizi akamwambia, na diwani akaurudisha mkono mfukoni.

Meya alipoingia aliwakuta wote watatu wamesimama wakitazama kiti. Marehemu mama yake alikuwa mfuaji, karo lake likipakana na la Zoila, na Wilmer mwenyewe alilala usingizi wa utoto ndani ya kapu la nguo palepale.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya mama Zoila."

"Basi atarudi," akasema, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Gazeti hili lilipomuuliza kama hiyo ina maana Zoila amepewa kiti, Meya alijibu kwamba suala la kanuni bado linaangaliwa. Mwalimu Bonifaz anashikilia kuwa sabuni haina nguvu kisheria. Segundo anasema ina nguvu kuliko ajenda, maana ajenda kila mtu anaigusa.

Zoila hamsikilizi hata mmoja wao. Akimaliza blanketi hili atakwenda kuandikwa, ingawa katibu amekwisha kumwonya kwamba atamwandika kwa penseli. Sabuni yake ikiwa bado ukumbini, leo anafua kwa kipande alichokatiwa na Tránsito.

"Sabuni inakushikia nafasi, haikufulii," anasema, akitoka karoni na kulikamua blanketi upande mmoja, Tránsito akilikamua upande wa pili. "Usipofika mwenyewe, umekosa."

Na wakimwambia hana nafasi?

"Nitasema sawa, waheshimiwa, ila naomba nichukue sabuni yangu. Kutoka mlangoni hadi kwenye kile kiti ni mbali, na magoti yangu haya mnayaona. Nitatembea polepole. Nitakuwa nasema njia nzima."