Fundi anayeuliza jua kabla ya kukata kitambaa

Jua limeshapanda juu ya mabati ya soko la Migori wakati Pauline Bochaberi anatoka dukani mbio, amekumbatia jora zima la kitambaa. Hajalipa hata senti.

"Mwizi!" anapiga kelele mwendesha bodaboda mmoja, na wenzake wanaanza kushuka kwenye pikipiki.

Mwenye duka, Mniko, hata hainuki kitini. "Wacheni huyo mama," anawaambia akicheka. "Anaenda kuuliza jua."

Na kweli, Pauline anasimama kando ya barabara ya Isebania, anakunjua kitambaa, anakigeuza huku na huku kwenye mwanga, kisha anatoa kipande kidogo cha kulinganishia kwenye pochi na kukilaza juu yake. Anakodoa macho. Halafu anaruka kama mtoto aliyepewa peremende, fundi mzima mwenye wajukuu wawili.

"Imekubali!" anapaza sauti. "Mniko, hii ndio damu ya mzee! Nikatie hii yote!"

Damu ya mzee ni ule wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, na kwaya za huku zinaupenda kupita kiasi. Rangi hiyo nusura imfanye Pauline auze cherehani chake.

Alihamia Migori kutoka Kisii akiwa bado msichana, na amelea watoto wake kwa kushona sare za shule na majoho ya kwaya. Joho moja humwachia kama shilingi mia tatu baada ya gharama. Mvua zikikaza, hupita wiki nzima bila mteja kubisha hodi.

Ndiyo maana mwaka jana, kwaya ya Waadventista ya Homa Bay ilipompa kazi, alifurahi hadi akasahau kula. Akashona, akapeleka. Kisha simu ikalia: waimbaji wameongezeka, majoho mengine yanahitajika.

Ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kuzama, na Mwadventista kama Pauline hanunui wala hauzi Sabato ikishaingia. Pauline akakimbilia duka moja la ndani kabisa sokoni, lisilo na dirisha, akalinganisha kipande chake na jora chini ya taa nyeupe ya umeme.

"Zilikuwa zinakaa mapacha kabisa," anasema. "Nikalipa, nikatoka mbio kabla jua lizame. Kile kipande changu nikakisahau hapo kwa kaunta."

Haraka haraka haina baraka, lakini nani humkumbusha hivyo mtu anayeshindana na jua? Majoho ya kwanza yalikuwa tayari Homa Bay, kipande kimepotea, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganishia. Alishona kwa imani.

Siku ya mkutano wa mwaka, ndani ya kanisa, chini ya taa, kwaya ilipendeza. Kisha ikatoka nje kuwaimbia waumini waliofurika kwenye mahema. Safu ya mbele ikawaka wekundu. Safu ya nyuma ikawa kahawia tupu.

"Watu wakaanza kuulizana, hii ni kwaya moja ama ni mbili?" anakumbuka Lorine Akoth, mwenyekiti wa kwaya. "Mama mmoja akasema, hawa wa nyuma mzee wao amekosa damu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Pauline alitamani ardhi ipasuke immeze, akaapa kuuza cherehani chake.

Gordon, mwimbaji wa besi na mwalimu wa fizikia, ndiye aliyemkuta akilia nyuma ya kanisa. Alipomsimulia habari za taa ya dukani, hakumpa pole. Alichukua sidii kuukuu ya kwaya, akaielekeza juani, na rangi zote za upinde wa mvua zikatapakaa ukutani.

"Mama, jua ndilo limebeba hizi rangi zote," alimwambia. "Kitambaa kinameza zingine na kukataa zingine. Ile kimekataa ndiyo inarudi kwa macho yako, unaiita rangi ya nguo. Sasa ile taa ya duka ilikuwa na wekundu kidogo sana. Damu ya mzee ikakosa wekundu wa kurudisha, ikakaa kahawia kama hiyo ingine."

Machozi yalikauka hapo hapo. "Kumbe miaka yote nashona mwanga na sijui!" anasema Pauline, na hata leo akisimulia, mikono haitulii. Wiki ile aliingiza na kutoa vitambaa mlangoni mwake, mara kwenye taa, mara juani, hadi majirani wakadhani anahama.

Kwaya ilimpa nafasi nyingine kwa mkutano wa mwaka huu, lakini kwa sharti. "Nilimwambia wazi," anasema Lorine, ambaye kwa Kijaluo humwita binti wa Kisii. "Nyar Kisii, tukichekwa tena, tunatafuta fundi mwingine."

Sasa ni Sabato, Homa Bay, na jua la ziwani halina huruma. Pauline amekataa kuketi kanisani. Amesimama nje, macho kwenye mlango, vidole vimesokota kitambaa cha kichwani.

Safu ya kwanza inatoka. Damu ya mzee. Ya pili inatoka. Damu ya mzee ile ile. Ya tatu, vivyo hivyo, na uwanja mzima unawaka rangi moja.

Lorine anatoka wa mwisho. Anashika mkono wa joho lake, anauweka kando ya ule wa jirani yake, anatazama kwa makini.

"Nyar Kisii," anatangaza kwa sauti ya kufika mahema ya nyuma, "mzee amepona!"

Kicheko kinalipuka tena, na safari hii Pauline ndiye anayecheka kuliko wote, machozi yakimchuruzika mashavuni kwa furaha.

Mpango wake sasa ni kuezua sehemu ya paa la kibanda chake Migori na kuweka mabati yanayopitisha mwanga, ili mteja aone rangi ya kweli kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tayari Mniko amemwomba akimaliza aje aezue na duka lake.

"Mwaka jana jua lilinianika mbele ya watu," anasema akijifuta macho. "Sasa nataka linianike kila siku."