Jua Lilipopatwa Mbele ya Mama Mkwe

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusafiri siku mbili kwenda Turkana kuangalia jua likipatwa lote, swali lao huwa moja: ilifaa? Huuliza wamekunja uso, kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi na hana nia ya kununua. Giza lenyewe lilikuwa la sekunde kumi na kitu. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, kwa sekunde kumi na kitu. Hata kupiga chafya kwa mjomba wangu huchukua muda mrefu zaidi.

Ili nijibu swali hilo vizuri, lazima kwanza niseme habari ya mama mkwe.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na haya vikiwa pamoja, na zamani kilikuwa sheria kati ya mwanamume na mama mkwe wake: hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Siku hizi wengi wameachana nacho. Nina rafiki ambaye hukumbatiana na mama mkwe wake mlangoni pa kanisa, mchana kweupe, na hajapatwa na kitu. Lakini mimi nililelewa Athi River, katika vumbi la simiti, kati ya watoto wa makabila yote, na Kikamba changu kina mashimo. Nilipooa kwa watu wa upande wa Mitaboni, wakulima wa tangu na tangu, niliogopa kuonekana mtoto wa mjini asiye na adabu. Kwa hiyo nikazidisha.

Miaka sita ya ndoa, mama mkwe nilimjua kuanzia kwenye vifundo vya miguu kwenda chini. Ningeweza kumtambua kati ya wanawake mia kwa viatu tu: raba za kahawia za siku za kazi na viatu vyeusi vya Jumapili, cha kushoto kimeliwa kisigino. Zaidi ya hapo alikuwa sauti. Ilikuwa sauti nzito, na kutokana nayo nilijichorea uso wa kutisha, wenye macho ya askari wa trafiki mwisho wa mwezi. Siku moja sokoni Mitaboni niliona zile raba za kahawia zinakuja, nikajitupa nyuma ya magunia ya makaa. Nilikaa huko nusu saa. Mwenye makaa alidhani natafutwa na polisi, akaniletea maji ya kunywa, na alipojua ninayemkimbia ni nani alitaka nimrudishie maji yake.

Basi redio ikatangaza kwamba jua litapatwa. Machakos litamegwa tu, lakini Turkana litafunikwa lote. Jioni hiyo mke wangu akaniambia mama yake hana raha.

"Anataka kwenda kuiona," akasema.

"Atatoka tu nje aangalie. Si iko hata hapa?"

"Hapa ni nusu. Yeye anataka yote."

Akanieleza kisa ambacho sikuwahi kukisikia. Mama mkwe alipokuwa msichana, jua lilipatwa, na watu waliambiwa kwamba atakayelitazama atapofuka. Baba yake aliwasukuma watoto wote ndani ya ghala la mahindi na kuufunga mlango kwa gogo. Msichana alikalia gunia la mbaazi gizani, akawasikia kuku wakipanda kulala mchana, akasikia ng'ombe wakilia, na hakuona chochote. Lakini kaka yake mdogo alikuwa amekaa karibu na ukuta wenye tundu. Alichungulia. Hakupofuka. Na tangu siku hiyo, kila harusi, kila matanga, kila Krismasi, kaka huyo, ambaye sasa ni mzee, husimama na kuhadithia alivyoliona jua likizimwa, kisha humgeukia dada yake na kumaliza, "Lakini huyu hakuona. Huyu alikuwa amekalia mbaazi."

Maisha yake yote mama yule amekuwa mtu aliyekalia mbaazi. Nilimwonea huruma kweli. Ndipo nikasema neno ambalo mtu hasemi kabla ya kufikiri: "Tutampeleka."

Tutampeleka ilikuwa maana yake mke wangu awe katikati yetu, kama siku zote. Lakini mke wangu ni mwalimu, na mitihani ya darasa la nane ilikuwa inakaribia. Mwalimu mkuu alimnyima ruhusa kabla hajamaliza kuomba. Nikabaki mimi na mama mkwe, na kati yetu dereva mmoja, jirani yangu wa Machakos mjini, aliyekuwa anapeleka matangi ya plastiki ya maji huko kaskazini na akakubali kutubeba.

Alfajiri ya safari nilisimama nyuma ya lori nikiangalia chini. Viatu vyeusi vya Jumapili vikapita, vikapanda mbele.

"Boss, panda, iko nafasi ya watu wawili," dereva akaniita.

"Siwezi kukaa hapo."

"Kwa nini?"

"Huyo ni mama mkwe."

Dereva ni Mkamba kama mimi, akaelewa, akacheka mpaka akashika usukani. "Basi chagua tangi," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyosafiri kwenda Turkana, ndani ya tangi la lita elfu tano lililolazwa ubavu, kichwa changu kwenye tundu la mfuniko. Vijana barabarani walinipungia mkono. Polisi mmoja alisimamisha gari, akanitazama, akamuuliza dereva kama mimi ni mzigo au ni abiria, na dereva akajibu kwamba mimi ni mkwe. Tukaruhusiwa kupita.

Mazungumzo kati yangu na mama mkwe yalipitia dirisha la dereva, na dereva alikuwa mtu wa kuongeza chumvi.

"Mama anasema kuna mayai ya kuchemsha!" alipaza sauti. "Na anasema mimi naendesha vizuri sana!"

"Mwambie asante kwa mayai!"

"Anasema asante kwa mayai, mama, na anasema mimi niongezewe moja!"

Tulikuwa na miwani mbili za kuangalia jua, zile za karatasi ngumu zenye vioo vyeusi, nilizozinunua Nairobi. Moja alikuwa nayo yeye, na nyingine niliiweka mfuko wa nyuma wa suruali, mahali ambapo mtu mwenye akili haweki kitu. Tulipolala Kitale, asubuhi nilitoka tangini kunyoosha mgongo. Mara viatu vyeusi vikazunguka kona ya lori bila taarifa. Sikufikiria. Nilijirusha ndani ya tangi kama panya na kukalia matako kwa uzito wangu wote, na nikasikia kitu kikisema *krak*.

Mwanamume mwingine angesema tu "habari ya asubuhi, mama" na miwani yake ingekuwa nzima hadi leo. Mimi nilikaa ndani ya plastiki nikiwa na vipande viwili mkononi. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilisoma maandishi madogo yaliyokuwa kwenye mkono wa miwani, mara nyingi hadi nikayashika kwa moyo. Yalisema usiangalie jua bila miwani hata kidogo, isipokuwa likishafunikwa lote. Wakati huo vua miwani, maana ukibaki nayo huoni kitu. Likianza kutokeza tena, vaa. Nikaona ni jambo la ajabu, nikalala.

Tulifika mahali penyewe alasiri. Upepo ulikuwa na hasira, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na Wazungu wamepanga mabomba yao ya kuangalizia mbinguni na kuyafunika kwa mashuka. Wingu moja nene lilikuwa limekaa mbele ya jua kama mtu wa mjini aliyekatalia kiti cha mbele kanisani. Nilimsikia mama mkwe akimwambia dereva, "Uliza muthoni, na hii wingu itatoka?" Muthoni ni mkwe, yaani mimi. Nikamwambia dereva amjibu itatoka. Nilikuwa sina habari yoyote kuhusu mawingu. Lakini nilijua nimemtoa mama wa watu Mitaboni, nikamtikisa siku mbili, na asipoona ataenda kukalia mbaazi mara ya pili, mara hii kwa mkono wangu.

Wingu likapasuka. Jua likaonekana, limeng'atwa pembeni kama chapati iliyoanzwa na mtoto.

Sasa miwani moja, watu wawili wasiopeana kitu. Dereva alichukua kazi ya kuibeba kutoka kwake hadi kwangu na kutoka kwangu hadi kwake, hatua kumi kwenda na kumi kurudi, mpaka akachoka. "Nyinyi watu mimi si mpira," akasema. Yeye alikuwa na kofia ya fundi wa kuchomelea vyuma, aliyoiazima Machakos, na alitaka kuangalia vyake. Akaivaa akaenda zake. Kwa hiyo tukatumia jiwe. Mama mkwe alitazama kwa dakika kadhaa, akaweka miwani juu ya jiwe, akarudi nyuma. Nami nikaenda nikiangalia chini, nikaichukua, nikatazama, nikaiweka, nikarudi nyuma. Mzungu mmoja alituangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoliangalia jua.

Jua likabaki ukucha. Mwanga ukawa wa ajabu, wa rangi ya chai ya rangi, na kivuli changu kikawa chembamba, kikali. Upepo ukapoa. Ilikuwa zamu ya mama mkwe. Nikasikia watu wakianza kupiga kelele, na mara kukawa giza.

Mimi nilikuwa bado naangalia viatu. Ni mazoea. Viatu vyeusi vilikuwa vimesimama imara, vidole vimeelekea jua, havitikisiki. Ndipo nikakumbuka maandishi madogo.

Alikuwa amevaa miwani. Amemezwa na weusi wa vile vioo, kama amerudi ghalani.

"Dereva!" nikaita. "Mwambie mama avue!"

Dereva hakuitika. Nilimwona baadaye chini ya lori, kofia ya fundi imemfunika hadi shingoni, anamuungamia Mungu mambo ambayo mke wake angependa kuyasikia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Sekunde zilikuwa zinakwenda, na mimi nimesimama nikitafuta mtu wa kupeleka ujumbe, kama chifu.

Nikakimbia. Sikumbuki hatua zile kumi. Nakumbuka mkono wangu ukiwa usoni pa mama mkwe, na ukivuta miwani ile ikatoka pamoja na ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alipiga ukelele, "Aiya!" na mkono wake ukainuka kunizaba. Kisha nikasema, moja kwa moja, mimi mwenyewe, "Mwaitu, angalia!" Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba.

Akaangalia.

Mkono wake ulibaki hewani. Nami nikaona uso wake. Haukuwa na macho ya askari wa trafiki. Ulikuwa uso mdogo, wa mviringo, wenye pengo mbele na punje ya kiini cha yai kwenye kidevu, na pua ya mke wangu imewekwa pale kama imeazimwa. Ulikuwa umefunguka wote. Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali, na alikuwa anasema polepole, "Iko na nywele. Jua iko na nywele." Nilisimama nikimtazama kama mjinga, na nilifurahi kiasi ambacho sikuwa nimefurahi tangu mtoto wetu azaliwe. Miaka sita nimekuwa nikimkimbia mama huyu.

Kisha watu wakapiga kelele tena, mwanga ukarudi ghafla, na nikamrudishia miwani haraka machoni, kwa mkono wangu. Hapo ndipo nilipotambua. Sekunde kumi na kitu zilikuwa zimekwisha, na mimi sikuwa nimeinua kichwa hata mara moja.

Tukasimama hapo, bega kwa bega. Nikatazama chini, lakini nikaona haina maana tena, nikatazama mbele. Mama mkwe alijifunga kitambaa upya, taratibu. Akakohoa. Akageuka kushoto na kulia akimtafuta dereva, akamwona miguu tu chini ya lori. Basi akasema na mimi.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Mwaitu. Nimeiona vizuri sana."

"Wacha uongo," akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia mimi."

Akaanza kucheka, sauti ile nzito ikimtikisa mabega. "Basi kaa hapa nikwambie vile ilikuwa," akasema, akakalia jiwe na kunisogezea nafasi.