Pikipiki Iliyovuta Kushoto

Osiako alipozikwa, mdogo wake Jairus ndiye aliyesimama kaburini kusema kwa niaba ya familia. Aliwashukuru waombolezaji, akalishukuru kanisa, kisha akawageukia vijana wa boda boda waliokuja kutoka Navakholo na kuwaonya kwamba pombe ndiyo iliyomuua ndugu yake. Watu walitikisa vichwa wakikubali. Naliaka, mjane, aliinamisha chake. Mumewe alikuwa akinywa busaa Jumamosi baada ya kazi, hilo lilijulikana, na pikipiki ilikuwa imemtoa barabarani mchana kweupe, mahali pasipo na gari wala ng'ombe, ikamtupa kwenye mtaro wa mawe. Yeye mwenyewe hakuwa na maelezo mengine.

Pikipiki ilivunjika taa na kioo tu. Polisi walipoiachilia ililetwa nyumbani, ikaegemezwa ukutani na kufunikwa gunia. Miezi ikapita, Jairus akija mara kwa mara kuwaombea Naliaka na bintiye Khalayi. Naliaka alikuwa akiuza mboga za kunde na mrenda mjini Kakamega, na kila alfajiri alibembeleza waendeshaji wambebee magunia yake. Siku moja alichoka kubembeleza. Akaitoa pikipiki nje, akaiosha, akamwomba rafiki wa marehemu amfundishe kuiendesha.

Alijifunza upesi. Lakini alipoanza kwenda kwa kasi kidogo, pikipiki ilimvuta kushoto. Haikumvuta kwa ghafla. Ilisogea polepole, kama ng'ombe aliyeona majani kando ya njia, na ilimbidi aegemee kulia safari nzima. Akifika sokoni bega linamuuma. Rafiki yule alimwambia mikono ya mwanamke ni myepesi, atazoea.

Naliaka hakuzoea. Alikuwa amekumbuka jambo. Osiako alikuwa akirudi jioni, anakaa kitini na kujikanda bega la kulia, anasema siku hizi pikipiki inamvuta. Naliaka alikuwa akimjibu kwamba labda ni busaa inayomvuta, na wote wawili wanacheka.

Aliipeleka kwa Wanzala, fundi wa pale Navakholo. Wanzala aliuliza kwanza kama mzigo huwa umelalia upande mmoja. Naliaka akasema hata ikiwa tupu inavuta. Fundi akapima upepo wa tairi, akaijaribu barabarani, akarudi akikunja uso. Akaangalia alama za pande mbili za gurudumu la nyuma, pale cheni inapokazwa, akakuta upande mmoja umevutwa zaidi. Akasawazisha. Ikapungua kidogo tu. Akainua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani taratibu kusikiliza beringi. Zilikuwa nzima. Akaifungua miguu ya mbele inayoshika gurudumu, akaiviringisha juu ya kioo bapa kuona kama imepinda. Ilikuwa imenyooka. Akairudisha, halafu akanyoosha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, upande huu na upande ule. Upande mmoja uzi uligusa tairi. Upande wa pili uliacha nafasi ya kupitisha vidole.

Alisema magurudumu hayafuatani, na kilichobaki ni fremu. Akaling'oa tangi.

Chini ya tangi, nyuma ya shingo inayoshika usukani, palikuwa na kovu nene la kuchomelea lililopakwa rangi nyeusi. Wanzala alilikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na kutu.

"Mama Khalayi, hii fremu mliichomelesha wapi?"

"Haijawahi kuchomelewa."

"Imechomelewa, na si juzi. Shingo ilipinda ikapasuka. Mtu akainyoosha kwa nyundo, lakini haikurudi mahali pake. Aliyekuwa anaiendesha alikuwa anapigana nayo kila siku."

Naliaka aliuliza kama si ile ajali ya mtaroni iliyoipasua. Wanzala alimuuliza naye: baada ya ajali hiyo, nani aliichomelea? Ilitoka kwa polisi ikaingia nyumbani kwake.

Hapo akakumbuka. Mwaka mmoja kabla ya kifo, Osiako alilazwa kwa homa ya matumbo, na Jairus akaichukua pikipiki ifanye kazi upande wa Kabras badala ya kulala bure. Aliirudisha ikiwa imepakwa rangi mpya yote, inang'aa. Mama mkwe alimsifu mbele ya watu kwamba ni nani siku hizi anayerudisha kitu cha kuazima kikiwa kizuri kuliko alivyokichukua. Osiako mwenyewe alimshika mdogo wake mkono kwa furaha.

Naliaka alienda kwa Jairus kwa miguu. Alimkuta akipalilia miwa. Mwanzoni alikana kwamba pikipiki iliwahi kupata ajali mikononi mwake. Naliaka alipomweleza kovu lilipo, akaegemea jembe na kusema trela la miwa lilimgonga njia ya Butali, yeye hakuumia, na mchomeleaji wa huko akaitengeneza.

"Ilikuwa imekaa sawa," alisema. "Niliiendesha mwenyewe."

"Ukaipaka rangi."

Jairus aliinua jembe, akarudia kupalilia.

"Alikuambia inamvuta?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia apunguze pombe."

Naliaka alimtaka asimame kanisani ayaseme hayo, kama alivyosema yale mengine kaburini. Jairus aliahidi kufikiria. Jioni ile ile aliyekuja ni mama mkwe, anatembea kwa fimbo, akakaa mlangoni bila kusalimia.

"Nimezika mmoja," alisema. "Huyu ukimwanika mbele za watu, nitabaki na nani?"

Naliaka alitaka kumuuliza yule aliyelala kaburini alikuwa mtoto wa nani. Lakini mama alikuwa analia, naye akaliacha swali hilo.

Jairus hakusimama kanisani. Naliaka aliwaeleza wenzake sokoni. Wawili watatu walimwamini. Wengine walisema mjane akikaa sana peke yake hutafuta wa kulaumu, tena pombe Osiako alikuwa anakunywa, au hakuwa? Hakuweza kusema hakuwa.

Wanzala alikataa kuinyoosha fremu, akasema pikipiki hiyo haifai kubeba mtu. Akaja mnunuzi aliyeitaka hivyo hivyo, akajisifu kwamba anamjua fundi wa kuinyoosha na kuipaka rangi. Naliaka alimfukuza. Kisha akamwomba Wanzala aikate shingo vipande, ili isije ikauzwa kwa mume wa mtu. Alisimama pale msumeno ukilia mpaka chuma kikaanguka.

Usiku huo aliandaa chakula, kisha akamweleza bintiye Khalayi yote. Msichana huyu alikuwa ameacha kulitaja jina la babake tangu wenzake shuleni wamwite mtoto wa mlevi. Alisikiliza mpaka mwisho, ugali wake wa obusuma ukipoa mbele yake.

"Mama, na baba mdogo anajua?"

"Anajua."

"Na bado anakujanga hapa kutuombea?"

"Anakujanga," Naliaka alisema, akamsogezea mboga.